Sauti Yangu Kinywani Mwake

"Theo, kaa kwanza."

"Nimekaa, Fiona. Sema haraka, niko kazini."

"Hujakaa. Na usinidanganye uko kazini, leo Jumapili. Uko ndani ya hilo kabati lako."

Theodora akacheka. Kweli alikuwa kabatini, lile la kuingia mtu mzima, katika nyumba ya kupanga aliyokaa na mama yake pale Carrollton, Texas, kipaza sauti kikining'inia katikati ya makoti ya baridi. Makoti humeza mwangwi. Hiyo ndiyo ilikuwa studio yake, na humo ndimo alimomfundisha Yan Suhua kuongea Kiswahili.

Kama humjui Yan Suhua, wewe mitandaoni huwa unafuata nini? Ni mpelelezi wa kike katika kasri la Uchina ya kale, mwanamke anayeshika kioo cha shaba akaita roho za waliouawa, nazo zikamtajia muuaji. Tamthilia yenyewe inaitwa Mlango wa Majivu, sehemu arobaini. Kuanzia Texas mpaka Goma watu waliifuata kwa sauti ya mtu mmoja tu: yeye mfalme, yeye malkia, yeye maiti, yeye farasi akilia. Jina lake hawakulijua. Walimwita Sauti ya Suhua, basi.

"Nimekutumia video," Fiona akasema. "Ni ya jana, harusi ya Wakongo niliyoalikwa huku Missouri City, upande wa Houston. Iangalie halafu nipigie. Na usivunje kitu."

Theodora akafungua video. Akamwona Elibariki. Elibariki wake, mchumba wake wa miaka minne, kijana wa kompyuta za hospitali, mkazi wa Pearland, hukohuko Houston, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwandikia: "Good morning mke wangu." Mkono mmoja ameshika maiki, wa pili ameshika kiuno cha binti mrembo wa kitenge cha zambarau.

"Ndugu zangu," Elibariki alikuwa akisema, "mmeuliza sana Sauti ya Suhua ni nani. Ndiye huyu! Anaitwa Kethia. Na Mungu akipenda, ndiye mke wangu mtarajiwa."

Yule binti akainua upepeo wa Kichina, akafunika mdomo. Kwenye spika ikatoka sauti:

"Maiti hasemi uongo, Waziri. Anayemwogopa maiti ndiye aliyemuua."

Ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Na sauti ile ilikuwa ya Theodora, neno kwa neno, aliirekodi akiwa na mafua.

Hakuvunja kitu. Aliirudia ile video mpaka simu ikapata moto mkononi, kisha akampigia Fiona.

"Nilidhani mmeachana," Fiona akasema kwa sauti ndogo.

"Hatujaachana. Washenga wake walishakuja. Mama alishapokea barua ya posa."

"Basi kuna lingine, shoga yangu. Jumamosi ijayo mchana kuna shughuli kwenye ukumbi uleule wa harusi. Sehemu ya mwisho inaonyeshwa kwenye skrini kubwa kabla haijawekwa mtandaoni, na huyo binti ataitafsiri live mbele ya watu. Jedidah atakuwepo."

"Jedidah yupi?"

"Yule Mkenya mwenye kampuni ya kusambaza tamthilia. Anataka kum-sign Sauti ya Suhua awe anatafsiri tamthilia zake zote. Jina na picha juu kabisa. Akitoka pale Jumamosi amemsaini Kethia, wewe hata ujitokeze na Biblia mkononi, utaambiwa unamwiga."

Sehemu ya mwisho Theodora alikuwa hajairekodi bado. Wezi wengine bwana, wanakuibia na bado wanakusubiri uwamalizie kazi.

"Theo? Sehemu yenyewe ni ya ngapi?"

"Ya arobaini."

"Na siku za mwizi?"

Wakacheka wote wawili. Ila mmoja alikuwa anacheka na machozi.

Msimcheke Theodora kwamba alikuwa mjinga. Elibariki ndiye aliyemshauri ajifiche, na alimshauri kwa mapenzi, au ndivyo ilivyoonekana. "Mpenzi, wewe ni mwalimu wa kwaya," alimwambia. "Mwalimu wa kwaya anaita mizimu kwenye simu za watu? Kanisa litasemaje? Na mama? Wewe rekodi, unitumie, sura na ukurasa niachie mimi." Naye akamshukuru! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu aliingia mpaka kabati la nguo.

Theodora alipotokea sebuleni macho yamemvimba, mama yake alikuwa mezani anamenya viazi. Mama alikuwa amekuja kutoka Usa River, Tanzania, mwaka uliopita, mzee wa kanisa kwao na huku, mwanamke asiyekaa karibu na kitu chenye harufu ya ushirikina.

"Unalia nini?"

"Silii, mama. Ni vumbi la makoti."

"Ni mambo ya yule mwanamke wa Kichina?"

"Mwanamke gani?"

"Theodora. Ulipokuwa kichanga ukilia nilikuwa najua hii njaa, hii nepi. Leo nishindwe kuijua sauti yako kwa sababu umemvalisha Mchina?"

"Mama, umeangalia?"

"Mpaka ya thelathini na tisa. Mama Everline wa kanisani aliniingizia kwenye simu. Nasikilizia masikioni, usiku ukiwa umelala, ili nisikuaibishe."

"Na zile roho? Hukuona ni mapepo?"

"Yule hafugi mapepo. Anawauliza marehemu nani amewaua, ni kama polisi tu. Sauli naye si alimwuliza Samweli?"

"Na ikamwishia vibaya, mama."

"Ilimwishia vibaya Sauli. Samweli alisema ukweli akarudi zake kulala. Haya, nieleze, nani amekuliza?"

Theodora akamwekea video mezani, kando ya maganda ya viazi. Mama akaitazama yote. Akafuta kisu kwa kanga, akakiweka chini polepole.

"Huyu si ndiye aliyeniita mama hapahapa?"

"Ndiye."

"Ndiye aliyekula ng'ande yangu ya mahindi na maharage akarudia?"

"Ndiye, mama."

"Biblia imesema tusamehe."

"Nitasamehe. Lakini kwanza niseme."

Mama akafikiri, akachukua kiazi kingine.

"Usimguse kwa mkono," akasema. "Mdomo sikukatazi."

Jioni ile Theodora akampigia Elibariki. Nakwambia ukweli, alimpigia akitaka aokolewe. Alimpenda yule mwanaume, na mapenzi hayana swichi ukutani kwamba unabonyeza yanazima. Angesema tu, "Theo, nimekosea, nilipotea," labda hadithi hii ingekuwa nyingine.

"Mpenzi!" Elibariki akapokea, sauti tamu kama maandazi ya iliki. "File ya mwisho iko tayari? Watu wananisumbua."

"Nitaimaliza katikati ya wiki. Eli, kuna kitu unataka kuniambia?"

"Kama nini?"

"Chochote. Sitakasirika."

Theodora akasikia mwanamke anacheka kwa mbali, kisha mlango ukifungwa.

"Ndiyo, kipo," Elibariki akasema. "Nakupenda."

Theodora akafumba macho.

"Nilitaka nije huko Jumamosi," akasema. "Nikuone."

"Aaah, baby, Jumamosi usijisumbue ku-drive. Niko on call, tunahamisha mfumo mzima wa hospitali. Sitatoka mle hata kula."

"Pole na kazi."

"Ndiyo maisha. Nita-make it up to you."

"Najua."

Akakata simu. Hapo ndipo mapenzi yalipoanza kuchacha, na mapenzi yaliyochacha ni sumu, hakuna duka linalouza kali kuliko hiyo.

Sasa sikiliza kazi yenyewe inavyofanyika, maana hapa ndipo Elibariki alipojichimbia kaburi. Kichina Theodora hakijui. Alikuwa anasoma maneno ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, anayageuza Kiswahili chenye chumvi, anarekodi sehemu nzima kwa mkupuo mmoja. Elibariki anapokea ile sauti, anaipachika kwenye picha, halafu anakata upande wa chini wenye yale maneno ya Kiingereza ili watu wasisome, wasikilize. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuhakikisha lolote. Theodora angesema mfalme ameagiza ugali, basi mfalme ameagiza ugali.

Na Elibariki mwenyewe hakuwahi kusikiliza. Alikuwa anasikia mwanzo kidogo, mwisho kidogo, akiona midomo imelingana anafunga kazi. Tamthilia za majini, aliziita, burudani ya watu wasio na shughuli.

Theodora akajifungia kabatini. Akarekodi vizuri kabisa, mwanzo mpaka pale Yan Suhua anapoingia baraza la mfalme kuwaumbua wauaji. Akasimama. Akanywa maji ya tangawizi. Kisha akaendelea, ila macho hakuyapeleka tena kwenye maneno ya Kiingereza. Mwisho kabisa, pale wanapoagana, akarudi kwenye tamthilia kama mtu aliyetoka nje kidogo kupunga upepo.

Akaituma. Akaweka birika la chai jikoni. Sehemu ile ina robo tatu ya saa. Birika halijachemka, simu ikalia:

"Nimeipata na nimeisikiliza YOTE. Umeua kama kawaida mke wangu 🔥🔥"

Theodora akajibu: "Bado sijaua."

Elibariki akamrudishia vikatuni vya kucheka.

Jumamosi alfajiri kukicha alimpakia mama yake garini, wakashika barabara ya Houston. Mama alibeba chupa ya chai na hakusema mengi. Walipofika Missouri City, Fiona akawapokea mlangoni, akawapitisha mpaka viti vya nyuma.

"Amevaa ile suti?" Theodora akanong'ona.

"Ipi?"

"Ya bluu. Niliyomchagulia mimi kwa ajili ya siku ya mahari."

Fiona akachungulia mbele, akarudi akiwa ameshika mdomo.

"Amevaa, mwanaizaya."

Ukumbi ulijaa pomoni. Wakongo wamependeza kwa liputa, vile vitenge vyao, Watanzania wamejikusanya karibu na sambusa, Wakenya wanapiga selfie. Mbele, karibu na skrini, alikaa Jedidah na miwani yake mikubwa. Na jukwaani, kwenye kiti chekundu, Kethia: gauni la hariri la Kichina, nywele zimepandishwa kwa vijiti, maiki mbele, upepeo mkononi. Alikuwa mzuri, tusimkatae. Elibariki alisimama kushoto kwenye kompyuta, anatabasamu.

"Dada yetu haongei kabla ya kazi," akatangaza. "Anatunza sauti. Karibuni Mlango wa Majivu!"

Taa zikazimwa. Yan Suhua akatokea, gauni jeupe, theluji inaanguka. Kethia akainua upepeo, spika zikaongea, na watu wakapiga makofi wakiamini wanachokiona. Theodora alikaa pale nyuma akisikiliza koo lake likitoka kwa mtu mwingine. Mama akamshika goti.

Tamthilia ikaenda. Watu wakalia yule mtumishi alipokufa. Watu wakacheka maiti wa mpishi alipotoka kwenye kioo akiuliza nani alimalizia supu yake. Halafu likaja baraza. Yan Suhua akasimama mbele ya mfalme, kioo cha shaba mkononi, akainua kidole.

"Mtukufu Mfalme," sauti ikasema, "maiti wamemaliza kusema. Sasa naomba niseme mimi, niliye hai."

Elibariki alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu.

"Mtazamaji wangu, hapo ulipo tulia. Nimekusimulia kesi za watu wengi. Leo nakusimulia yangu. Naitwa Theodora. Naishi Carrollton. Sauti hii unayoisikia nairekodi ndani ya kabati la nguo, na nimekuwa nikimtumia mchumba wangu aiweke kwenye picha. Mchumba wangu anaitwa Elibariki."

Kichwa cha Elibariki kikainuka.

Jukwaani upepeo ulikuwa bado unapepea. Binti wa watu alifundishwa kutikisa mdomo nyuma yake, naye akaendelea kutikisa, mpaka maneno yalipomfikia. Ukaanza kupepea taratibu. Ukasimama.

"Barua yake ya posa iko kwa mama yangu. Lakini ameichukua sauti yangu akamkabidhi mwanasesere, akaniambia leo yuko kazini. Mtazamaji, mtazame hapo kushoto. Bila shaka amevaa suti ya bluu."

Vichwa vyote ukumbini vikageuka kushoto kwa pamoja.

"Ni hitilafu!" Elibariki akapiga kelele. "Ni hitilafu ya mitambo!" Akaupapasa waya wa spika, akaung'oa. Sauti ikakatika. Picha ikabaki inaenda yenyewe, Yan Suhua anafungua mdomo bila kutoa neno.

"Sauti!" watu wakapiga kelele. "Rudisha sauti!"

Theodora akasimama. Koo lake halikuwahi kutetemeka hata siku moja.

"Mmetaka sauti?" akasema, na hakuhitaji maiki. "Hii hapa."

Watu wakageuka. Kwenye skrini mfalme alikuwa ameinuka kitini, naye Theodora akashuka mpaka kwenye besi ile wanayoijua wote:

"Nani anathubutu kumnyamazisha mpelelezi wangu?"

Mama mmoja wa Kikongo akashika kichwa. "Eeeh Nzambe! Ni yeye!"

Waziri kwenye skrini akajitupa chini, anambembeleza mfalme, na Theodora akampa sauti ambayo hakuwahi kumpa tangu sehemu ya kwanza, laini, yenye Kiingereza katikati:

"Mpenzi, si unavyofikiri. Baby, niko on call."

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Hakuna kisu kinachokata kama watu wazima kukucheka mbele ya mwanamke uliyemwongopea.

"Washeni taa!" Elibariki akapayuka. "Huyu mwanamke ni mgonjwa! Nilimwacha zamani, ananifuatafuata!"

Taa zikawaka. Jedidah alikuwa ameshasimama.

"Wewe, hebu nyamaza," akasema. "Hiyo sauti nimeisikiza kila siku nikipika. Siwezi kosea. Huyo ndiye." Akamgeukia Kethia. "Na wewe, tuambie kitu. Chochote tu."

Kethia alishusha upepeo. Alipoongea, sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, nyembamba, ya mtoto wa Uvira, Congo, aliyekulia kambi ya wakimbizi.

"Elibariki. Uliniambia huyu bibi ni mfanyakazi wako, eti alisharudia Tanzania."

"Kethia, my love, si hapa."

"Ni hapa hapa! Ulisema hajali, eti ulimulipa akamaliza. Mi nilikuuliza juu ya nini mi nisitumie sauti yangu. Ukasema watu watacheka Kiswahili ya Congo. Ukanipa hii kitu ya kujifunika." Akaushika upepeo kwa mikono miwili, akauvunja kama kuni. "Mulomo yangu iko na kosa gani?"

Wakongo wote wakasimama. Ungemuona Elibariki hapo, ungemhurumia. Mimi sikumhurumia.

Theodora naye hakumhurumia, na hata Kethia alikuwa hajaanza kumhurumia, ingawa Theodora alijuta kidogo kumwita mwanasesere. Alitembea mpaka mbele. Mama yake akamfuata nyuma na chupa ya chai mkononi, maana hakuwa na mahali pa kuiweka.

Elibariki akawaona. Akageuza sura, akavaa ile ya upole, ile ya siku ya washenga.

"Theo, mpenzi, tuongee pembeni. Shetani alinipitia. Nilitaka tu tupate jina, halafu nikuambie."

"Tupate?"

"Wewe na mimi."

"Na huyu pete umemvisha ya nini, ya majaribio?"

Watu wakaguna. Elibariki akamgeukia mama, na kwa malezi aliyolelewa, mikono ikajikutanisha yenyewe, kichwa kikainama.

"Shikamoo, mama."

Hata watoto waliokuwa wanakimbizana wakasimama. Kila mtu mle alikuwa anasubiri neno moja tu, neno ambalo mama wa Kitanzania humpa hata mlevi wa barabarani, hata mtu aliyegombana naye jana.

Mama akamtazama. Akamtazama tena. Hakuitikia.

"Shikamoo, mama," Elibariki akarudia.

Mama akamgeukia mwanawe. "Theodora, kuna mtu ameongea?"

"Sijasikia, mama."

"Basi twende. Barua ya watu nitairudisha kwa mshenga, wao waliniheshimu."

Nimeona watu wakitukanwa, nimeona watu wakizabwa vibao, lakini mtu kunyimwa marahaba mbele ya ukumbi mzima sijawahi kuona. Elibariki alibaki ameinama vilevile, hajui anyanyuke saa ngapi. Kethia akavua pete, akaiweka juu ya kompyuta, akashuka jukwaani ameshika pindo la gauni la watu. Alipompita Theodora akasimama.

"Dada, unisamehe. Sikujua."

"Sijafika huko bado," Theodora akamjibu. "Lakini nimekusikia."

Kethia akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa ndugu zake.

Nyuma watu walikuwa wameanza kupiga makofi ya pamoja. "Malizia! Malizia!" Kwenye skrini picha ilikuwa bado inaenda, Yan Suhua anashuka ngazi za kasri peke yake. Jedidah akamsogezea Theodora ile maiki.

"Madam, hawa watu hawatoki hapa bila mwisho."

Theodora akamtazama mama yake. Mama akavuta kile kiti chekundu, akakaa yeye.

"Malizia," mama akasema. "Mimi mwenyewe sijui kama anamsamehe yule waziri."

"Hamsamehi, mama."

"Usiniambie! Tafsiri."

Akaimaliza, uso wake wazi, mbele ya washirika wawili wa kanisa waliokuja kwa siri na sasa walikuwa wamejificha nyuma ya bango. Jumatatu yake akasaini na Jedidah. Kwaya hawakumfukuza, walimwomba tu awape sauti ya farasi kwenye igizo la Krismasi.

Ungedhani yameisha. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Tamthilia ya pili ambayo Jedidah alimkabidhi ni ya mpelelezi mwingine wa kike, huyu ana upanga unaonusa uongo. Ndani yake kuna towashi wa kasri, mwongo, mnafiki, mwoga, anaiba mashairi ya wanawake anamsomea mfalme kama yake, na kila sehemu anaumbuliwa upya. Jina lake la Kichina ni refu na gumu. Mnajua watafsiri wetu, jina likiwa gumu wanampa mtu jina la nyumbani, watazamaji wasipate tabu. Theodora akampa la nyumbani.

Baada ya wiki kadhaa simu yake ikalia mchana, namba ya Pearland.

"Theo, usikate. Nakuomba."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi. Elibariki."

"Elibariki yupi? Wa hospitali au wa kasri?"

Elibariki akalipita hilo swali.

"Theo, nimekosa, nimekubali, nimelia vya kutosha. Lakini hii imezidi. Hapa kazini kuna manesi wa Kikenya, nikipita korido wanainama wananiambia, 'Mheshimiwa Towashi.' Nilikwenda kutoa salamu kanisani, watoto wakacheka. Nimepata mchumba mpya, shangazi yake akauliza, 'Elibariki? Si yule wa tamthilia?' Wamekata mawasiliano."

"Pole sana."

"Mbadilishie jina. Mwite Petro, mwite Juma, mwite chochote."

"Watu wameshamzoea."

"Basi niambie kitu kimoja. Tamthilia yenyewe ina sehemu ngapi?"

"Themanini."

"Mungu wangu. Na yule towashi anakufa ya ngapi?"

Theodora alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake, kipaza sauti kimewashwa. Alikuwa ameitazama tamthilia yote mpaka mwisho, wiki ile ya kwanza, kabla hajachagua jina.

"Hafi, Eli," akamwambia. "Hafi kabisa."